Watu wa Kwembalu Hawakulia

Watu elfu arobaini wa Kwembalu walihama Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, na hakuna hata mmoja aliyelia.

Niliwatazama kwenye ukuta wa kioo wa chumba cha majaribio wakiondoka. Kila mtu alikuwa nukta ya njano. Nukta zilitoka majumbani, zikapanda magari, zikavuka kilima, zikatua katika mji mpya upande wa pili. Nyuma yao maji yakapanda kimyakimya, yakafunika bonde, yakawa ziwa. Mabomba yakaanza kumwaga maji katika Jiji, ambako watu milioni tatu walikuwa wamezoea kuamka na ndoo mkononi. Miaka kumi ikapita. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Namba ikatokea juu ya ukuta: tisini na nne kwa mia.

"Haya, mheshimiwa mtarajiwa," alisema Chausiku, fundi wetu wa sauti, bila kuvua hedifoni. "Ukishakaa kwenye meza kubwa utatukumbuka na sisi wa masikioni?"

"Nitawakumbuka wenye adabu."

"Basi mimi nimeshakosa."

Kwembalu yenyewe ilikuwa bado pale pale bondeni, na watu wake wa kweli siku ile walikuwa wanapalilia mahindi. Waliohama ukutani ni pacha wao. Kila raia ana pacha wake ndani ya Baraza, yaani mtambo wetu mkuu, na pacha huyo amelelewa kwa sauti ya mwenyewe: alichomwambia mganga zahanati, alivyomfokea fundi kwenye simu, alichosema mkutanoni. Sera mpya huingizwa Baraza kwanza. Pacha huiishi, na wakiikubali zaidi ya themanini kwa mia, sheria haidai aulizwe mtu mwingine yeyote. Kamati ikishapitisha, Baraza lenyewe hutuma magari, na Baraza lenyewe hufunga malango ya bwawa siku ambayo pacha wa mwisho alikuwa ameshaondoka. Hakuna mkono wa mtu kwenye lango.

Na sera ile ilikuwa yangu. Mimi, Mbelwa Hozza, niliiandika neno kwa neno. Niliingia jengo lile nikiwa mchuja sauti, daraja la chini kabisa: unakaa na hedifoni kutwa nzima, unapanga sauti za wananchi katika mafungu matatu, kauli, kelele na burudani. Wenzangu niliosoma nao walinicheka. Nikawaacha wacheke. Nilichuja kuliko wote, nikasoma sera za wakubwa mpaka nikajua kila moja inavunjikia wapi, nikaandika zangu, zikatupwa, nikaandika nyingine. Nikapanda kuwa msaidizi, kisha mpimaji. Hakuna kijana wa umri wangu aliyewahi kukaa na wapimaji wakuu, na mimi nilikuwa nakwenda kukaa.

Mkurugenzi, Mama Kokugonza, aliingia akaitazama namba kama mtu anayetazama mtoto aliyefaulu.

"Kesho mbele ya Kamati usijieleze sana," alisema. "Mtu wa sera akieleza sana wanadhani anaficha kitu. Onyesha namba, nyamaza, kunywa maji."

"Nimeelewa, Mama."

"Na ile picha ya kufungulia, ya akina mama wanaocheza, iache. Mheshimiwa Nkwabi anapenda ngoma. Ukipita kesho, Mbelwa, kiti ni chako. Nimeshawaambia."

Picha ile niliichagua mwenyewe. Akina mama wa Kwembalu walikuwa wanalisindikiza gari la maofisa wetu kutoka kwenye mkutano wa kuwaeleza habari za bwawa, vumbi limewafika magotini, kanga zinapepea. Walikuwa wamependeza. Niliondoa sauti yao nikaweka tarumbeta.

Alipotoka nilirudisha jaribio mwanzo. Jambo moja lilikuwa linanikera na sikutaka kulisema mbele yake. Nimekulia kilima cha pili kutoka Kwembalu. Bibi yangu alihamishwa chumba tu, kutoka upande huu wa uwanja hadi ule, akalia wiki nzima na kutugombeza mpaka majirani. Leo watu elfu arobaini wanaacha makaburi ya wazazi wao na hakuna hata pacha mmoja anayemtukana dereva?

"Chausiku," nilisema, "nipe sauti ya mkutano wa Kwembalu. Yote, kabla ya kuchujwa."

"Ya nini? Umeshapita."

"Nipe."

*

Chumba cha sauti hakina dirisha. Tulikaa bega kwa bega, kila mmoja na hedifoni yake.

Nilimsikia ofisa wetu akieleza habari za ziwa, magari, nyumba mpya za matofali. Alieleza vizuri, maana alikuwa anasoma maneno yangu. Kisha nikamsikia mzee mmoja akijibu, sauti tulivu kabisa: "Tumesikia. Tunashukuru kwa kututembelea." Makofi. Sahani. Mtu akamwongeza mgeni wali, mgeni akasema ameshiba, akaongezwa hivyo hivyo. Ofisa akatangaza kwamba mkutano umefungwa.

Chausiku akasimamisha. "Hapa ndipo kauli zinapoishia. Kuanzia hapa ni burudani. Chujio linaitoa."

"Kinasa cha gari kilizimwa?"

"Cha gari hakizimwi kamwe. Lakini ni wimbo tu, Mbelwa. Wanacheza."

"Weka."

Ngoma ikaja kwa mbali, halafu vigelegele, halafu sauti ya mwanamke mmoja, kavu, imenyooka. Wengine wakamwitikia.

*Mgeni tumekulisha, na njia twakuonyesha,*
*Shauri ulolileta, njiani twalirudisha,*
*Maji yatatukutia, watoto tukiwalisha,*
*Hatuondoki Kwembalu, mwambie alokutuma.*

Walirudia. Walirudia tena. Katikati ya wimbo nikasikia mlio mdogo wa vioo vya gari vikipandishwa.

Nilivua hedifoni.

"Kwetu mgeni hajibiwi akiwa amekaa," nilimwambia Chausiku. "Amekula chakula chako, yuko chini ya paa lako. Ukimkatalia hapo umemfukuza. Kwa hiyo unamshukuru. Kisha unamsindikiza, na jibu anapewa njiani, kwa wimbo, akina mama wakiwa mbele, ili alibebe mpaka kwa aliyemtuma. Mgeni anayetujua husimama. Anaomba wimbo urudiwe mpaka aushike. Hawa wetu wamepandisha vioo kwa ajili ya vumbi."

Chausiku alikuwa ameacha kutania. "Wamekataa, basi."

"Wamesema maji yatawakuta ndani wanalisha watoto."

"Lakini pacha wao..."

"Pacha wao hawajawahi kusikia wimbo huu. Kila neno la kukataa ambalo watu hawa wamewahi kulisema, walilisema kwa kuimba, nasi tukalitoa. Tumelea pacha elfu arobaini wasiojua kukataa."

Wala hatukuhitaji kuambiana kilichofuata. Pacha wangeondoka, Baraza lingeona bonde tupu, na malango yangefungwa siku iliyopangwa.

*

Mama Kokugonza aliusikiliza wimbo wote akiwa amesimama dirishani, mgongo kwangu. Ulipokwisha alikaa.

"Unajua kwa nini niliweka lile chujio?" aliuliza. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Baraza lilikuwa jipya. Linasikia redio za vinyozi, linasikia muziki wa baa, linaamini kila neno. Kwa muda wote ule nchi nzima ilionekana imeachwa na mpenzi. Mkoa mmoja ulikuwa unataka kunywa sumu. Hatukuweza kupitisha hata sera ya vyandarua. Nikasema: chochote chenye mahadhi na vina kitolewe. Ikafanya kazi. Ndiyo iliyonipandisha hapa nilipo."

"Sisemi ulikosea wakati ule, Mama. Nasema lifunguliwe sasa."

"Lifunguliwe." Alilirudia neno polepole. "Chujio haliko Kwembalu peke yake. Nikilifungua, kila sera tuliyopitisha miaka kumi na moja inarudi kuulizwa. Chanjo. Shule. Barabara ambazo watu wameshazizoea. Unajua waheshimiwa wangapi wanasubiri siku ya kusema Baraza ni uongo, warudi kuamua mambo kwa kelele na kwa ukoo?"

"Watu watakufa maji."

"Watahama wakiyaona. Mtu akiona maji mlangoni anatoka."

"Huwajui."

Alisogeza kiti karibu nami.

"Wewe unawajua," alisema. "Vizuri. Kesho pitisha. Keshokutwa ukiwa mpimaji mkuu nitakupa safari, uende Kwembalu ukawabembeleze kwa lugha yao. Mtu anafanya mema akiwa ndani, Mbelwa. Ukitoka nje unabaki kuwa kijana mwenye hasira na mashairi. Wako tele vijiweni."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa na ukweli nusu. Lakini baada ya Kamati kupitisha hakuna anayeweza kulirudisha lango nyuma, hata yeye. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo maana uende mapema."

Nilipokuwa kwenye korido dada yangu Kibibi alinipigia. Anaishi Jijini, amejifungua juzi juzi.

"Mbelwa, mwanangu amejaa upele. Namwogesha kwa kitambaa chenye unyevu kama nafuta meza. Kesho unatupa maji au unatupa hotuba?"

"Nitakwambia kesho, dada."

"Mbona sauti hiyo? Nimeshawatangazia majirani wote kwamba mdogo wangu ndiye anayeleta maji. Usiniaibishe."

Nilikata simu nikasimama pale kwenye korido. Elfu arobaini upande huu. Milioni tatu upande ule, na mmoja wao ana upele na ni mpwa wangu. Kama wangeniuliza mimi kabla sijasikia wimbo, ningesema hesabu ni rahisi. Niliiandika mwenyewe.

*

Katika chumba cha Kamati kila neno hutokea ukutani. Ndiyo sheria: linalosemwa pale linaingia Baraza papo hapo, lipate alama yake mbele ya macho ya wote, asitokee mkubwa wa kuruka kauli yake kesho.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Nkwabi, mzee mnene wa maneno machache, alinipa ishara nianze. Mama Kokugonza alikaa pembeni. Chausiku alikuwa kwenye mitambo nyuma ya kioo.

Picha ikafunguka. Akina mama, vumbi, kanga. Tarumbeta zangu zikalia.

"Wanapendeza hawa," alisema Mheshimiwa mmoja.

"Nazima muziki," nilisema. "Huo si wao."

Kimya kikaingia. Wanawake wakawa wanacheza bila sauti. Nilivuta pumzi, na mbele ya Kamati, nikiwa na suti niliyoishona kwa siku ile, nikaimba.

*Mgeni tumekulisha, na njia twakuonyesha...*

Mtu akacheka. Mwingine akaanza kupiga makofi ya mahadhi. "Kijana," aliita Mheshimiwa yule, "umekuja na sera au umekuja kuposa?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Niliendelea mpaka mwisho wa ubeti.

"Naomba mtazame ukutani, waheshimiwa."

Wakageuka. Maneno yangu yalikuwa yametokea yote, mistari minne, mmoja chini ya mwingine. Yakafifia. Yakakatwa katikati. Chini yake pakaandikwa: BURUDANI. IMEONDOLEWA. Kisha ukuta ukawa mweupe.

"Sasa nasema maneno yale yale," nilisema, "bila kuimba." Nikayasema taratibu, kama mtu anayeongea na jirani. "Mgeni, tumekulisha na njia tunakuonyesha. Shauri ulilolileta tunalirudisha njiani. Maji yatatukuta tukilisha watoto. Hatuondoki Kwembalu. Mwambie aliyekutuma."

Maneno yalitokea. Hayakufifia. KAULI. IMEPOKEWA.

Hakucheka mtu.

"Hilo ndilo jibu la Kwembalu," nilisema. "Walilitoa njiani, kama kwetu linavyotolewa, na tukalikata kama mlivyoona. Ile tisini na nne ni ya watu waliokatwa ulimi. Mkiipitisha, malango yatafungwa na wao wamo ndani."

Mheshimiwa Nkwabi alikuwa ameegemea mbele. "Nyimbo hizo zinaweza kurudishwa?"

"Anayeweza kufungua chujio ni mtu mmoja," nilisema.

Macho yote yakamwendea Mama Kokugonza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "nikifungua hapa nimefungua kote. Naomba Kamati ijue inachokiomba."

"Kamati inaomba ijue kama watu hawa wanahama au hawahami. Fungua."

Alitembea hadi ukutani, akaweka kiganja chake kwenye kioo. Hakuniangalia. Jaribio likaanza upya.

Magari yalifika Kwembalu. Nukta za njano hazikutoka. Chache zilipanda gari, nyingi zikiwa za wenye watoto wachanga, halafu hata hizo zikashuka zikarudi. Magari yakaondoka matupu. Malango yakafungwa siku ile ile iliyopangwa na jaribio la kwanza, kwa sababu malango yalifuata siku na hayakufuata macho. Maji yakaingia kwenye nyumba za chini.

Nukta ya kwanza ikazimika.

"Simamisha," alisema Nkwabi.

"Halisimami, Mheshimiwa," Chausiku alisema kupitia kipaza sauti. "Jaribio likianza ni mpaka miaka kumi."

Kwa hiyo tulikaa. Nukta zilipanda kidogo kilimani, zikakusanyika kanisani na msikitini na shuleni, zikabaki. Zilizimika moja moja, halafu kwa mafungu. Mama mmoja mheshimiwa alifunika uso. Jirani yake akatoka nje akashindwa kufunga mlango. Kisha ziwa likatulia, zuri, la buluu, na mabomba yakaanza kumwaga maji Jijini, na miaka kumi ya watu wanaooga ikapita ukutani haraka haraka.

Namba ikaja. Kumi na moja kwa mia.

Mheshimiwa Nkwabi alivua miwani. "Sera imeondolewa," alisema. "Atumwe mtu Kwembalu. Na akifika, asipandishe vioo."

*

Mama Kokugonza alinikuta kwenye ngazi.

"Umeshinda," alisema. "Jiji halina maji, Baraza halina heshima, na mimi sina kazi baada ya mwezi huu. Umeridhika?"

"Hapana, Mama."

"Hiyo nayo ni akili." Alinyoosha mkono, nikampa kadi yangu ya upimaji. Akaiweka mfukoni akanipa nyingine, ya kijivu. Niliijua rangi ile. Ndiyo niliyopewa siku ya kwanza kuingia jengo lile: mchuja sauti.

Nilitaka kuivunja mbele yake. Miaka yote ile, ngazi zote zile.

"Sikukomoi," alisema. "Kule chini kuna burudani ya miaka kumi na moja, ya nchi nzima. Lazima mtu aisikilize yote, aseme ipi ni wimbo wa redio na ipi ni mji unakataa. Nitamtafuta nani? Wote humu ndani niliwafundisha kutosikia." Akaanza kushuka, kisha akasimama bila kugeuka. "Kwetu pia walikuwa wanaimba wakimsindikiza mgeni. Nilipokwenda kikazi wakaniimbia mimi, nilidhani ni kwa kunifurahisha."

Simu yangu ilitikisika. Kibibi: *Bomba bado linakoroma tu. Vipi huko?*

Kisha nikaandika: *Maji hayaji. Ni mimi niliyeyazuia. Nitakueleza.* Aliyasoma. Nikaitia simu mfukoni.

Chumba cha sauti kilikuwa kama nilivyokiacha. Chausiku alikuwa ameniwekea kiti cha zamani, kile chenye mguu mbovu, na hakunitania. Alinisogezea hedifoni.

"Tunaanza na ipi?"

"Ya zamani kuliko zote."

Akatafuta, akaipata. Ulikuwa mji mmoja wa kusini ambao Baraza liliufungia shule baada ya pacha wake kukubali kwa asilimia tisini na sita. Nikavaa hedifoni. Ngoma ilikuja kwa mbali, gari likawashwa, na akina mama wakaanza kwa kumshukuru mgeni.